Bana Ipi kwa Kichomea Taka cha Rujewa?

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na katika jedwali lake refu Rujewa, mji wa Mbarali mkoani Mbeya, ina mstari wake. Mwenye Fuso huusoma, mwenye bodaboda huusoma, mwenye trekta la kukodisha mashambani Ubaruku huusoma. Asiyeusoma, ingawa unamhusu sana, ni mganga mfawidhi wa kituo chenye kichomea taka cha dizeli. Yeye huletewa ankara mwisho wa mwezi, hushtuka, kisha huambiwa na mhudumu wa kichomea kwamba taka za siku hizi zina plastiki nyingi. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi mafuta hupotea kwenye tundu ambalo hata sindano haipiti: ncha ya nozeli.

Katika miaka hii ambayo halmashauri zimejenga na kupanua vituo vya afya kwa kutumia mafundi wa mtaani, kichomea taka kimeingia kwenye orodha ya majengo pamoja na wodi ya wazazi, maabara, jengo la kufulia na shimo la kondo la nyuma. Kamati hujadili tofali, urefu wa dohani na bati la kibanda. Bana, yaani kile kifaa kinachopuliza mwali, huachiwa muuzaji. Mimi nitaanza na hiyo bana, kwa sababu tofali utalinunua mara moja, ilhali dizeli utainunua kila wiki kwa miaka kumi. Katika hesabu zangu zote dizeli nimeiweka shilingi 3,000 kwa lita na umeme shilingi 356 kwa uniti. Ni namba za kupigia hesabu tu. Siku unayosoma, weka za kwako.

Dizeli haiungui ikiwa bado majimaji. Kinachoshika moto ni mvuke wake, na mvuke hutoka kwenye uso wa tone. Lita moja ukiikusanya iwe tone moja kubwa, uso wake haufiki hata mita ya mraba 0.05. Ipasue iwe matone ya mikroni 50, yaani sehemu 50 kati ya 1,000 za milimita, nawe umepata matone kama bilioni 15 yenye uso wa mita za mraba 120. Matone yakiwa ya mikroni 200, uso unashuka hadi mita 30. Hapo hasara ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa muda wa tone kuungua hufuata mraba wa kipenyo chake: tone la mikroni 200 huhitaji muda mara 16 ya lile la mikroni 50. Mwali wa bana ndogo hautoi muda huo. Tone lisilomaliza kuungua hugonga ukuta wa chemba na kuwa masizi, au hupanda dohani kama moshi mweusi ambao umeulipia shilingi 3,000 kwa lita. Mkulima yeyote wa mpunga aliyewahi kubeba bomba la kupulizia dawa analijua hili mgongoni kwake: ncha ikichakaa, ukungu hugeuka kuwa matone, na dawa huisha kabla ya jaruba.

Kwa hiyo bana zote zilizoko sokoni, ziwe za Kiitaliano, za Kichina au za kuchomelewa na fundi wa Chimala, zinatofautiana kwa jambo moja kabla ya mengine yote: zinatumia nguvu gani kuyapasua mafuta.

Iliyoenea kuliko zote ni bana ya shinikizo. Ndani yake mna mota ndogo inayozungusha vitu viwili kwa mkupuo, feni ya hewa na pampu ya mafuta. Pampu husukuma dizeli kwa baa 7 hadi 14 kupitia nozeli yenye mifereji inayoyazungusha mafuta kabla hayajatoka, hivyo yanatoka yakiwa koni ya ukungu. Elektrodi mbili hutoa cheche, na jicho la mwanga huchungulia mwali. Lisipouona kwa sekunde chache, kisanduku cha udhibiti hukata mafuta. Riello, Ecoflam na Baltur ni majina ya Kiitaliano utakayokutana nayo mara nyingi, na nozeli zake nyingi huwa ni za Danfoss, Delavan au Steinen. Umeme wake ni mdogo, mara nyingi chini ya robo ya kilowati, kiasi kwamba hata jenereta ndogo ya kituo huibeba.

Nozeli ina maandishi ubavuni, na mnunuzi asiyeyasoma ananunua gizani. Utakuta namba kama 0.75 au 1.25: hizo ni galoni za Marekani kwa saa, zikipimwa kwa baa 7. Galoni hiyo ni lita 3.785. Utakuta nyuzi za koni, 45, 60 au 80, na herufi inayoeleza kama koni imejaa ukungu hadi katikati au ina uwazi ndani. Koni ya nyuzi 80 katika chemba nyembamba hulowesha ukuta. Ya nyuzi 45 katika chemba fupi hupiga ukuta wa mbele. Mtiririko nao hupanda kwa kipeuo cha pili cha shinikizo, si kwa shinikizo lenyewe, hivyo kuongeza baa kutoka 7 hadi 14 hakuongezi mafuta maradufu bali kwa asilimia 41 tu. Ndiyo maana fundi anayekaza skrubu ya pampu ili "moto uwe mkali" hapati anachokitafuta. Ukitaka moto mkubwa badilisha nozeli.

Sasa tuchukue kituo cha kufikirika chenye kilo 60 za taka za kuchoma kwa wiki, na kichomea chenye chemba mbili kinachomeza kilo 20 kwa saa. Chemba ya chini ina nozeli ya 0.75, ya juu ina ya 1.25, na pampu zote mbili zimewekwa baa 10. Kwa shinikizo hilo bana ya chini hunywa kama lita 3.4 kwa saa na ya juu lita 5.65. Chemba ya juu ndiyo inayomaliza moshi, na kiwango kinachotumika Ulaya na kunukuliwa kote ni nyuzi 850 kwa sekunde 2, au 1,100 ikiwa taka zina klorini zaidi ya asilimia moja, kama zilivyo taka zenye mipira ya dripu ya PVC. Kwa hiyo bana ya juu lazima iwake nusu saa kabla ya kuingiza taka, na nusu saa baada ya taka kwisha. Ya chini inaweza kuzimwa muda fulani, maana taka zikishika moto hujipikia zenyewe. Tuseme inafanya kazi nusu ya muda.

Ukichoma kilo zote 60 kwa mkupuo mmoja wa saa tatu, jumla ni karibu lita 28, yaani shilingi 84,000, au shilingi 1,400 kwa kilo. Ukichoma kilo 20 Jumatatu, 20 Jumatano na 20 Ijumaa, kila mara unalipa upya ile saa nzima ya kupasha na kumalizia: lita 13 kila safari, lita 39 kwa wiki, shilingi 117,000. Mashine ni ile ile na taka ni zile zile, ila umetupa shilingi 33,000 kila wiki, yaani milioni 1.7 kwa mwaka, kwa sababu ya ratiba tu. Kabla ya kulalamikia bei ya dizeli, kituo kiangalie kalenda yake.

Hapa kuna kizuizi ambacho muuzaji wa kichomea hatakitaja. Taka zenye damu haziwezi kusubiri wiki. Kwa nchi za joto, Shirika la Afya Duniani linashauri zisikae zaidi ya saa 48 msimu wa baridi na saa 24 msimu wa joto bila jokofu, na bonde letu la Usangu mwezi Novemba si mahali pa kubishana na ushauri huo. Kinachoweza kusubiri ni masanduku ya sindano yaliyofungwa, vitu vikavu na vichupa. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nibadili jibu langu kuhusu ukubwa wa kichomea chenyewe.

Mpinzani mkuu wa dizeli ni oili chafu. Kutoka Igawa hadi Chimala na kwingineko kwenye barabara kuu ya Zambia kuna gereji, na lori moja kubwa likibadilishiwa oili huacha lita 30 hadi 40. Ongeza bodaboda, pawatila na matrekta ya mpunga. Nishati yake kwa lita si pungufu ya ile ya dizeli. Tuseme unaipata kwa shilingi 1,000 ukijumlisha madumu na usafiri. Theluthi moja ya bei! Ndiyo maana kila anayeuza bana ya oili chafu huanza na sentensi hiyo.

Shida ni uzito wake, na uzito ni adui wa upasuaji. Dizeli ina mnato wa senti-stoki 2 hadi 4.5 kwenye nyuzi 40. Oili ya injini ya 15W-40 ina zaidi ya 100 kwenye joto hilo hilo, na hata ukiichemsha hadi nyuzi 100 bado iko karibu na 14. Ukiilazimisha kupita kwenye nozeli ya shinikizo iliyotengenezwa kwa dizeli utapata matone mazito, mwali wa rangi ya chungwa unaopapasa, na masizi yanayofunika jicho la mwanga hadi bana ijizime yenyewe. Fundi atakuambia jicho limekufa, kumbe limepofushwa.

Jawabu la kiufundi ni kuiacha hewa ifanye kazi ya kupasua. Katika nozeli ya kufyonza, hewa ya kompresa, mara nyingi chini ya baa 1, hupita kwa kasi na kuivuta oili iliyopashwa moto hadi nyuzi 60 au 70, na kuirarua kuwa ukungu inapotoka. Tundu la mafuta ni kubwa zaidi, kwa hiyo halizibiki upesi. Ipo pia njia ya Mmarekani Robert Babington, ya miaka ya 1960, ambayo naipenda kwa ujanja wake: oili humiminwa juu ya tufe lenye uwazi ndani, hutandaa kama utando mwembamba, na hewa hutoka ndani ya tufe kupitia kitundu kimoja kidogo mno, ikichana utando huo. Mafuta hayapiti kwenye tundu lolote dogo, hivyo uchafu wake hauna pa kuziba. Watu wa kujitengenezea mambo huko Marekani wamezitengeneza kwa vitasa vya shaba vya milango, na fundi makini wa Rujewa angeweza pia. Tatizo lake ni kwamba kile kitundu kikitobolewa vibaya kidogo tu, ukungu wote huharibika, na vifaa vya kutobolea tundu la robo ya milimita haviko kwenye kila karakana.

Tuipe oili chafu hesabu ya haki. Bana zote mbili za kituo chetu zikiwaka pamoja hunywa lita 9 kwa saa: dizeli ni shilingi 27,000, oili chafu ni 9,000. Ongeza kompresa ya kilowati 1.5 na hita ya nusu kilowati, uniti 2 za umeme, shilingi 700 hivi. Unaokoa zaidi ya shilingi 17,000 kila saa. Kwa zile lita 28 za wiki, hiyo ni kama milioni 2.8 kwa mwaka. Nikikuambia achana nayo nina deni la kukueleza kwa nini.

Kwanza, oili haiji safi. Ina maji, ambayo kwenye hita hufoka na kwenye mwali huuzima. Ina vyuma vya injini na zinki ya viungio vyake, na ina majivu ambayo dizeli haina kabisa. Inahitaji pipa la kutulia kwa siku kadhaa, vichujio viwili, na mtu wa kumwaga tope la chini, na hilo tope nalo ni taka ambayo sasa ni yako. Pili, gereji haijui kilichomo ndani ya dumu. Mafuta ya breki, dawa za kusafishia vyuma zenye klorini, na mbaya kuliko vyote mafuta ya transfoma za zamani, ambayo yanaweza kuwa na PCB: kemikali ambayo haivunjiki sawasawa bila joto la juu na thabiti zaidi kuliko linalodumishwa na vichomea vingi vya vituo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mkataba huo unavitaja vichomea vya taka za hospitali miongoni mwa vyanzo vya dioksini, sumu inayozaliwa na klorini motoni. Kichomea chako tayari kina klorini ya mipira ya dripu, huhitaji kuongeza nyingine kupitia tangi la mafuta. Tatu, chini ya kanuni za mwaka 2021 za taka hatarishi oili chafu si bidhaa ya kubebwa kwenye bodaboda kwa madumu. Kuikusanya, kuisafirisha na kuichoma kunahitaji vibali, na baraza la mazingira, NEMC, lina ofisi ya kanda Mbeya, si mbali.

Na nne, jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua: oili chafu hubadilika kutoka dumu hadi dumu, na bana ya hewa inataka mtu wa kuirekebisha kila inapobadilika. Kituo cha afya hakina mtu huyo. Kina mhudumu mmoja anayefagia, anayefungua geti na anayechoma taka. Ile milioni 2.8 unayoiona kwenye karatasi ni mshahara wa fundi ambaye hukumwajiri.

Oili chafu inafaa pale palipo na tanuri kubwa, moto usiozimwa na watu wa zamu. Tanuri la saruji hupika malighafi hadi nyuzi 1,450, na chokaa iliyomo hunasa klorini na sehemu kubwa ya vyuma. Ndiyo maana viwanda vya saruji duniani hutumia mafuta ya aina hii. Gereji za Rujewa zingepata faida zaidi kumuuzia mkusanyaji mwenye kibali kuliko kuimwaga mtaroni au kupaka nguzo za uzio.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi wa kuchomelea huipendekeza kwa moyo mweupe: bomba la matone. Oili hudondoka kwenye sahani ya chuma iliyokwisha kupata moto mkali, feni inapuliza, moto unanguruma. Gharama ni vyuma chakavu na siku mbili za fundi. Hakuna nozeli, hivyo hakuna kinachopasua mafuta isipokuwa joto la sahani, na sahani ikipoa kidogo tu moshi unatanda hadi stendi. Oili ikiwa na maji, sahani hutapika mafuta yanayowaka. Kwa kuyeyusha aluminiamu nyuma ya karakana, kwa mtu aliyevaa viatu vya ngozi, sawa. Mita ishirini kutoka wodi ya wazazi, hapana.

Gesi ya mitungi inastahili neno. Haihitaji kupasuliwa, imeshakuwa hewa, na huwaka safi. Kwa nishati, mtungi wa kilo 15 ukiwa shilingi 57,000, gesi na dizeli zinakaribiana mno: shilingi 83 kwa megajuli kila upande. Wengi hudhani gesi ni ghali zaidi, na kwa bei hizi si hivyo. Kikwazo ni kwamba lita 9 za dizeli kwa saa ni sawa na kilo 7 za gesi kwa saa, na mtungi mmoja hauwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo. Utaganda barafu kiunoni na moto utanyong'onyea. Utahitaji mitungi kadhaa ya kilo 38 iliyounganishwa, uzio, na gari la kuileta. Kwa mji wenye wakala mkubwa wa gesi ningeifikiria kwa makini. Rujewa, bado naona dizeli ni rahisi kuipata saa yoyote.

Na pumba? Mbarali ni nchi ya mpunga, na karibu moja ya tano ya uzito wa mpunga ni pumba. Kilo 23 za pumba zina nishati ya zile lita 9 za dizeli. Kichomea cha tofali cha De Montfort, kilichobuniwa na Profesa D. J. Picken wa chuo kikuu cha De Montfort mjini Leicester, hakina bana kabisa: unawasha kuni au mkaa, unasubiri joto lipande, kisha unaingiza taka. Kwa zahanati ya kijijini isiyo na umeme wala bajeti ya mafuta, bado ni bora kuliko shimo la wazi, na sitamcheka anayekijenga. Lakini pumba huacha majivu asilimia 20 yanayoziba njia ya hewa, moto wake haupandi upesi, na hakuna njia ya kushikilia chemba ya juu kwenye joto moja. Mhudumu mwenye haraka huingiza masanduku ya sindano kabla tofali halijapata moto. Kwenye bana, angalau kipimajoto kinaweza kumzuia.

Nirudi kwenye dizeli, maana bado kuna mambo mawili ya mahali hapa ambayo katalogi haiyasemi.

La kwanza ni mwinuko. Usangu ni tambarare, na anayeshuka kutoka Makambako huhisi ameingia bondeni, lakini bonde lenyewe liko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko Dar es Salaam; Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama asilimia 15. Lita moja ya dizeli huhitaji takribani mita za ujazo 10 za hewa ya pwani ili iungue yote, na ya Rujewa huhitaji zaidi ya 11, kabla hujaongeza ile ya ziada ambayo kila kichomea hutaka. Bana iliyorekebishwa ghalani Dar es Salaam ikaletwa juu ya lori na kufungwa bila kuguswa itakuwa na njaa ya hewa siku ya kwanza. Moshi utaonekana, nozeli italaumiwa, kumbe ni kilango cha feni kinachotaka kufunguliwa kidogo. Bana iliyorekebishwa Rujewa ikihamishiwa Njombe nayo irekebishwe upya.

La pili ni dizeli yenyewe. Uchakachuaji umepungua tangu EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na mafuta ya taa kupandishiwa kodi mwaka uliofuata, lakini pipa la kituo bado hukusanya maji na kutu. Pipa lilazwe kwa mteremko kidogo, bomba la kunyonyea liwe juu ya sakafu ya pipa kwa upana wa vidole vinne, na kichujio kikae kabla ya pampu.  

Nozeli iliyochakaa ndiyo hasara isiyoonekana. Kituo kinachochoma lita 28 kwa wiki hutumia kama lita 1,450 kwa mwaka. Ukungu mbovu ukipoteza asilimia 10 tu, hizo ni zaidi ya shilingi 430,000. Tuseme nozeli mpya ni shilingi 40,000. Zibadilishe zote mbili kila mwaka bila kusubiri zilalamike. Na tafadhali, nozeli isizibuliwe kwa waya wala pini: mikwaruzo isiyoonekana kwa macho hupindisha koni yote, na kuanzia hapo upande mmoja wa chemba utakuwa mweusi daima.

Sasa lile nililoahidi kulirudia. Kwa kuwa taka zenye damu haziwezi kungoja, na kuchoma kila baada ya siku mbili ndiko kunakopandisha gharama, jibu la nafuu kuliko yote ni kupunguza kinachochomwa. Otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke wa nyuzi 121, ya kilowati 3 hivi, hutumia uniti 3 kwa mzunguko wa saa moja, shilingi 1,070. Ukiingiza kilo 5, ni kama shilingi 210 kwa kilo, dhidi ya 1,400 za dizeli. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne za Afrika, pamoja na Ghana, Madagascar na Zambia, katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusambaza teknolojia za taka za afya zisizochoma, kwa hiyo si jambo geni kwa wataalamu wetu. Kituo chetu kikitakasa kwa mvuke kilo 40 za pamba, bandeji na glovu kwa wiki, sehemu yake kila siku, na kuchoma kilo 20 za masanduku ya sindano na vitu vikavu mara moja kwa wiki, dizeli inashuka hadi lita 13. Shilingi 39,000 za mafuta na 8,500 za umeme: jumla 47,500, badala ya 117,000. Taka zilizotakaswa bado zinahitaji shimo, na otoklevu inahitaji maji safi na umeme usiokatika katikati ya mzunguko, mambo ambayo Rujewa si ya kuyachukulia kirahisi. Hata hivyo tofauti ni kubwa kiasi cha kulipia tangi na jenereta.

Dawa za maji zilizokwisha muda, formalini na zailini za maabara zisiingie kwenye hesabu hii kabisa. Kuna anayependekeza kuzichanganya na dizeli ili "ziungue humo humo". Viwanda vikubwa huchoma taka za majimaji kwa nozeli maalumu zenye mkondo wake, hewa yake na watu wa kupima. Bana ya kituo haina hata kimoja. Dawa zilizoisha muda zina utaratibu wake wa TMDA, mamlaka ya dawa, ambayo nayo ina ofisi Mbeya, na viuatilifu vya mashambani ni vya TPHPA, mamlaka ya viuatilifu. Makopo ya dawa ya mpunga yasiletwe kituoni.

Kwa hiyo, kama fedha ni zangu na kituo kiko Rujewa, ningenunua otoklevu kwanza, kisha kichomea kidogo cha chemba mbili chenye bana mbili za dizeli za shinikizo, si kikubwa chenye bana moja. Bana moja inayopiga chemba ya chini pekee ni rahisi dukani na ndiyo inayoshinda zabuni kwa bei, lakini moshi wake hauna pa kumalizikia.

Zabuni yenyewe siku hizi hupita kwenye mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, na kitakachonunuliwa ni kile kilichoandikwa. "Kichomea taka, kimoja" ni mwaliko wa kuletewa chochote. Iandikwe idadi ya bana, geji ya shinikizo kwenye kila pampu, kipimajoto cha chemba ya juu chenye kufunga mlango wa taka hadi nyuzi 850 zifike, kilinda umeme dhidi ya volti zinazopanda na kushuka, nozeli nne za akiba zenye namba ile ile iliyofungwa, jicho la mwanga moja la akiba, na saa sita za kumfundisha mhudumu kwa jina lake, si "watumishi wa kituo". Iandikwe pia kwamba bana zitarekebishiwa Rujewa, zikiwa zimefungwa mahali pake na taka halisi zikiwa ndani, na kwamba asilimia fulani ya malipo itabaki hadi dohani ionekane haina moshi kwa saa nzima ya kazi. Muuzaji akigoma kwenye kifungu hicho cha mwisho, muulize bei ya bana peke yake, kisha mpigie mwingine.